Maswali yenu: Chupa za kodisepsi zimegoma kuzaa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi nalima uyoga mamama hapa Iringa, sasa nimejaribu Cordyceps militaris, ule wa rangi ya chungwa unaoota kwenye wadudu. Nimetumia mchele, nimechemsha kwa presha, utando mweupe umejaa chupa nzima lakini wiki zinapita hakuna hata kijiti kimoja, yaani uyoga wenyewe, kilichotokeza. Au mpaka nitafute wadudu?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na hongera, kujaza chupa bila ukungu wa kijani kuingia sio kazi ndogo. Wadudu usihangaike nao. Porini kweli fangasi huyu anamla nondo akiwa bado buu, ila maabara mchele unamtosha, wengi wanachanganya tu unga wa mabuu ya nondo wa hariri ili apate protini.

Chupa umeziweka wapi? Giza analitaka mwanzoni tu, utando ukiwa unasambaa. Ukishajaa toa kwenye mwanga, taa nyeupe ya kawaida kama saa 12 kwa siku, joto licheze kwenye sentigredi 20 hivi na hewa iwe na unyevu. Angalia utando kwa karibu, ukianza kugeuka njano halafu chungwa ujue mambo yanakwenda, vijiti vitafuata.

Sasa kama taa umewasha siku nyingi na bado nyeupe pee, mi nashuku mbegu, yaani ule utando hai ulionunua ukapandikiza. Huyu fangasi ukimhamisha kutoka sahani moja ya kuoteshea hadi nyingine mara nyingi anachoka, anaota vizuri tu ila hazai, na hapo hakuna taa wala mchele utakaomsaidia. Halafu ana jinsia mbili, wataalamu wanaziita MAT1-1 na MAT1-2, na ili azae vizuri mara nyingi zinatakiwa zote mbili, kwa hiyo mbegu iliyotokana na kispora kimoja, ile chembe ndogo ya uzazi ya fangasi, inaweza kukuangusha. Muulize aliyekuuzia imehamishwa mara ngapi na kama aliijaribu ikazaa, akibabaika tafuta kwingine, inauma sana mtu anauziwa mbegu mfu kwa hela yake halali.

Ukipata chupa iliyozaa vizuri, ning'iniza kijiti kilichokomaa juu ya sahani ya agari, ule ute ulioganda wa kuoteshea fangasi, kitarusha vispora vyenyewe, chukua vingi kwa pamoja, ndo mbegu yako mpya hiyo. Nyingine hifadhi kwenye friji sentigredi 4, usiwe unaihamisha ovyo.