Jibu: Malaria ya ujauzito na uzito wa mtoto

Dada, umeuliza kama malaria uliyougua mimba ikiwa na miezi sita ndiyo iliyomfanya mwanao azaliwe na kilo 2.2, na kama ataathirika ukubwani. Pole sana, na tafadhali usijilaumu.

Inawezekana kabisa. Kondo la nyuma ndilo mapafu, figo na utumbo wa mtoto tumboni. Mimi ni mkunga, kila siku nalishika: karibu nusu kilo, upande wa mtoto unang'aa, mishipa imetapakaa kama mizizi ya mti. Hewa na chakula hupenya utando mwembamba bila damu zenu kuchanganyika. Vimelea vya malaria hujificha humo. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, kwa utafiti wao Kenya, walionyesha kwamba chembe za damu zenye vimelea hunasa kwenye kondroitini salfeti A, aina ya sukari ndefu iliyomo kwenye kondo. Njia ya chakula inabana. Kipimo cha kidoleni kinaweza hata kusema huna kitu, kumbe vimelea wamejaa kule kwenye kondo.

Kuhusu ukubwani: mtafiti David Barker aliwafuatilia wanaume waliozaliwa Hertfordshire, Uingereza, 1911–1930, akakuta waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa moyo. Hiyo ni hali ya kundi zima, haimhukumu mwanao. Mnyonyeshe maziwa yako tu miezi 6, usikose kliniki.

Mimba ijayo, meza SP, dawa ya kuzuia malaria, kuanzia miezi mitatu ya pili, ila kama unatumia Septrin mwambie nesi kwanza.