Jibu: Simu ya kumnunulia mama mzee, Tukuyu

Salama mkuu. Umeuliza simu gani umnunulie mama yako wa miaka 74 aliyeko Tukuyu, maana simu janja uliyompelekea inamshinda: akitaka kupokea anakata, na chaji haifiki jioni.

Nilipitia hayohayo kwa bibi yangu Makete. Mnunulie kitochi cha batani, ila usilipie kabla hujakishika. Kwanza bonyeza namba zote kwa kidole gumba: batani ziwe kubwa, zimeinuka na zimeachana. Vidole vya bibi vimekakamaa kwa baridi na jembe. Batani zilizolala alikuwa anabonyeza mbili kwa mpigo. Kisha muombe muuzaji akupigie, utoke nje barabarani usikie kama mlio unatosha. Tochi nayo iwake kwa batani moja, si mpaka uingie kwenye menyu.

Kazi kubwa iko kwenye kuipanga. Weka namba yako kwenye 2 na ya dada yako kwenye 3, ili akishikilia batani simu iite yenyewe. Bibi nilimchorea kwenye kipande cha boksi: pembeni ya 2 nikachora ng'ombe, kwa kuwa mimi ndiye niliyemchungia. Hakukosea tena.

Pesa za simu hazihitaji simu janja. M-Pesa, kwa mfano, anaingia kwa *150*00#. Namba ya siri abaki nayo mwenyewe, hata kijana wa wakala asimpe.

Ukimpelekea, usiondoke siku hiyohiyo. Lala hata siku mbili, uwe unampigia ukiwa chumba cha pili mpaka apokee bila kukuita.