Bring about si "kuleta kuhusu": kwa mnaoanza kutafsiri

Moja ya sentensi za mwanzo nilizorudishiwa na mhariri ilikuwa fupi sana: The drought brought about hunger. Mimi nilikuwa nimeandika "Ukame ulileta kuhusu njaa". Alilizungushia neno "kuhusu" kwa kalamu nyekundu, na pembeni akauliza: "Kuhusu nini?" Tangu shuleni nilikariri kwamba about ni "kuhusu", basi. Kumbe likishaandamana na bring linapoteza maana hiyo. Maneno yale mawili yanakuwa kitenzi kimoja: kusababisha jambo litokee.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii kwa sababu kosa lile nalikuta mpaka leo kwenye rasimu za vijana, na kamusi peke yake hailimalizi.

La kushika kwanza ni hili: kinachofuata bring about ni tukio au hali. Mabadiliko, amani, anguko, mwisho wa vita. Mtu hakai hapo. Kiswahili chetu kinatuponza kwa sababu tuna kauli ya kutendesha, na inatufanyia kazi kubwa kwa silabi moja tu: lia, liza; cheka, chekesha; lala, laza. Basi anayetaka kusema "habari ile ilimliza mama" anaandika The news brought about mother to cry. Kiingereza hakisemi hivyo. Kinasema made mother cry. Nawe ukikutana na made someone cry, usikimbilie "ilimfanya alie". Kauli ya kutendesha ipo, itumie: ilimliza.

Kiwakilishi kinaingia katikati: bring it about, wala si bring about it. Na mkiandika wakati uliopita, iangalieni ile r. Brought ni ya bring, bought ni ya buy. Nimeona ripoti nzima ambayo mradi "ulinunua" mabadiliko kijijini.

Sasa tuchukue sentensi ya historia: The 1873 treaty brought about the closure of the Zanzibar slave market. Sultani Barghash alitia saini mkataba ule na Waingereza mwezi Juni mwaka huo. Wengi wataandika "Mkataba wa 1873 ulipelekea kufungwa kwa soko la watumwa Zanzibar". Hapa nawaomba sana. Kupelekea ni kumpelekea mtu kitu: nimempelekea bibi sukari. Hiyo maana ya kusababisha imenakiliwa kutoka lead to ya Kiingereza, na ingawa redioni inasikika kila siku, wahariri wengi wanaikata, nami naikata. "Ulisababisha" ni sahihi, ila unaburuza nyuma yake "kufungwa kwa". Mimi ningeandika: "Mkataba wa 1873 ndio uliofunga soko la watumwa la Zanzibar." Sababu imebaki pale pale, ndani ya "ndio".

Kuna jambo jingine linalohitaji sikio. Mwaka 1995 mwanaisimu Michael Stubbs alichapisha uchunguzi wa neno cause katika hazina kubwa ya matini za Kiingereza, akaonyesha kwamba mara nyingi mno linafuatwa na mabaya: matatizo, uharibifu, magonjwa, vifo. Kusababisha nako kunaelekea huko huko. Tunasema dereva amesababisha ajali, mvua zimesababisha hasara. Lakini "kisima kimesababisha furaha" masikio yanakataa. Bring about ina nafasi pana zaidi, inabeba amani na inabeba njaa. Kwa hiyo msiifungie tafsiri moja. Ikibeba jema, "kuleta" inakaa vizuri: kuleta amani, kuleta maendeleo. Ikibeba baya, sikilizeni kwanza, maana kuleta nako kunakubali balaa na fujo. Sentensi yangu ya ukame ningeiandika leo kwa maneno matatu: "Ukame ulileta njaa."

Ndugu yake, bring on, mtaikuta zaidi kwenye maradhi, kama kitu kilichomletea mtu kichwa kuuma au kilichomwamshia pumu.

Na come about haina msababishaji kabisa. Jambo limetokea, basi. Mkikuta How did this come about?, msihangaike kutafuta kitenzi cha kusababisha. Mtu wa kwetu angeuliza tu: "Ilikuwaje mpaka ikawa hivi?"