Maswali ya Kwaya: "Laja kunibeba nyumbani"

*Kwaya yetu inafundishwa "Swing Low, Sweet Chariot", wimbo wa kiroho wa Wamarekani Weusi, kwa Kiswahili. "Coming for to carry me home" tumeitafsiri "Linakuja kunichukua", lakini kila tukifika hapo watu wanajikwaa. Kosa liko wapi?*
Mwalimu wa kwaya, Tukuyu

Kosa si la wanakwaya, ni la mkazo. Mstari wa Kiingereza una silabi nane, na sauti inakanyaga ya kwanza, ya tano na ya nane. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na hapo hapahamishiki. Imba tafsiri yenu polepole huku ukipiga kofi: kofi la kwanza linaangukia "li", wakati kinywa kinataka "linaKUja". La pili linaangukia "ku" ya "kunichukua", nayo haina mkazo. Mkono wa mwalimu unavuta huku, lugha inavuta kule.

Jaribuni "Laja kunibeba nyumbani". LA-ja-ku-ni-BE-ba-nyu-MBA-ni: mikazo inakaa ya kwanza, ya tano na ya nane, sawasawa na wimbo. Imezidi silabi moja tu, "ni" ya mwisho. Shikilieni "mba" kwenye ile nota ndefu, kisha "ni" iguswe kwa wepesi kabla ya kuvuta pumzi. Wakiikazia "ni", mstari wote unaharibika. Na msiogope "laja", yaani "linakuja". Waliokulia kwenye tenzi wanaielewa bila kuelezwa.

Jambo la hakimiliki nalo lisisahauliwe. Sauti ya wimbo huu ni ya zamani. Fisk Jubilee Singers, kwaya ya Nashville huko Marekani, walioanza ziara zao mwaka 1871, ndio walioutembeza duniani, na yeyote anaweza kuupangia sauti upya. Lakini mpangilio wa William Dawson au wa Moses Hogan una mwenyewe hata leo, ingawa wote wawili wameshafariki. Nunueni nakala kwa idadi ya waimbaji, na msibadilishe maneno bila idhini ya mchapishaji.

Mkipanga wenyewe, mwacheni kiongozi atoe mstari wa kwanza peke yake, wengine waitikie kwa sauti moja. Sauti nne zije kwenye kiitikio. Wimbo huu unatembea juu ya do, re, mi, so na la tu. Alto na teno wakijaziwa fa na ti kila mahali, ladha yake inapotea, unasikika kama tenzi ya Kizungu yenye maneno mapya.

*Tunaanza Do ikiwa F bila kinanda. Tukimaliza ubeti wa tatu tuko E. Tufanyeje?*
Mwanakwaya, Iringa

Ki, yaani kimo cha sauti mnachoanzia, haishuki yote kwa mara moja, inamomonyoka kidogo kidogo, na katika wimbo huu sehemu mbili ndizo za kutazamwa. Ya kwanza ni mwanzo wenyewe: mi-do, mi-do-do-la-so. Mkishuka kwenda do mnafika vizuri, lakini mnaporudi mi hamfiki juu kabisa. Ya pili ni zile do nne mfululizo za "coming for to": kila moja inalegea kuliko iliyotangulia, kwa sababu mwimbaji anadhani nota ikirudiwa haihitaji kazi.

Kwenye mazoezi, besi washike do moja kwa mdomo uliofungwa. Soprano waimbe mwanzo huo polepole kwa "nu", wakisimama kwenye kila mi hadi itulie juu ya besi. Kinanda kiguse nota moja mwishoni mwa kila mstari, si mwishoni mwa wimbo. Kikipigwa muda wote kinaficha ugonjwa. Baridi ya Juni na Julai huko kwenu nayo inachangia: dakika kumi za kupasha sauti kwa kuguna zisiachwe. Bado inashuka? Anzeni F kali, nusu toni juu ya F. Nusu toni hiyo mara nyingi inatosha kuamsha kwaya iliyosinzia.

*Nota zetu zimeandikwa "de" badala ya "the", na "chillun" badala ya "children". Tusahihishe Kiingereza hicho?*
Msomaji, Mbeya

Hapana. Waliopanga waliandika hivyo kwa makusudi, kulinda matamshi ya watu waliokuwa watumwa waliozitunga nyimbo hizi. "De" itamkwe fupi na nyepesi, isiwe "dei", na isiimbwe kwa kuchekesha. Kinachoharibu zaidi ni irabu tunazoongeza: "sweet" ikiwa "switi", nota moja inabeba silabi mbili na mpigo unachelewa. Funga "t" kwa ulimi, wote kwa pamoja, pale mwalimu anapofunga mkono. Vilevile wasikilize mmoja mmoja kwenye "chariot", maana "chaliot" ya watu watatu tu inasikika hadi benchi la nyuma.