Winchi ya kwadi inalia ta-ta-ta na haivuti: usikimbilie kununua mota

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, ya cc 420 ninayoitumia shambani Mufindi kuburuta nguzo za milingoti na kujinasua kwenye tope. Ina winchi yenye uwezo wa kuvuta uzito wa pauni 2,500. Tangu mvua za mwaka jana imepungua nguvu. Ikipata mzigo inalia ta-ta-ta-ta na kusimama. Fundi mmoja hapa ananishauri niondoe solenoidi (swichi ya sumaku inayopitisha umeme wa mota) na swichi ya kinga, niunge mota moja kwa moja kwenye betri kwa swichi moja kubwa. Mwingine anasema mota imekwisha, ninunue winchi ya pauni 4,500. Pia natamani kutoa waya wa chuma niweke kamba ya sintetiki. Naweza kufanya haya mwenyewe nyumbani? Mita na spana ninazo.

JIBU: Ndugu, huyo wa kwanza asiguse kwadi yako tena. Ushauri wake nausikia kila mvua zinapoanza, na kila mara unatoka kwa mtu ambaye hajapima chochote. Kwanza hautafanya kazi anayoidhani. Mota za winchi ndogo kama yako zina nguzo mbili tu za kuungia umeme, na ili zigeuke kuzunguka upande wa pili ni lazima chanya na hasi zibadilishane. Kazi hiyo ya kubadilishana inafanywa na solenoidi. Ukiitoa ukaweka swichi moja, winchi itavuta ndani tu. Muulize kamba utaitoa vipi ikiwa imekaza.

Huo mlio ni habari njema. Ni solenoidi inayogonga. Unapobonyeza, koili yake inafunga njia ya umeme mkubwa. Mota inaanza kubeba mzigo, volti zinaporomoka, koili inakosa nguvu ya kushika na kuachia. Mzigo ukitoka, volti zinapanda, inashika tena, na hivyo hivyo mara kadhaa kwa sekunde. Mota iliyokatika ndani haifanyi hivyo, solenoidi inagonga mara moja kisha kimya. Mota iliyojifunga kwa kutu inaweza kuleta dalili kama yako, ndiyo, lakini hiyo tunaiangalia mwisho, si mwanzo.

Kinachonichosha katika kazi hii ni imani kwamba winchi ikilegea, basi nguvu imeisha ndani ya winchi. Watu wanaleta mota nzima kabisa, wanalipia mpya, wanafunga kwenye waya zilezile zilizooza, na baada ya mwezi wanarudi wakisema mota za siku hizi ni feki. Fanya hesabu hii. Winchi ya ukubwa wako ikibeba mzigo mzito inanyonya ampea 100 na zaidi. Chukua bolti moja iliyolegea au kichwa cha waya chenye kutu ya kijani, chenye ukinzani wa omu 0.02 tu. Mita yako ya kawaida hata haiwezi kuuona ukinzani mdogo hivyo. Ukipitisha ampea 100 hapo, umepoteza volti 2, na wati 200 zinageuka joto kwenye bolti moja. Ukiwa na maungio mawili ya namna hiyo, betri ya volti 12 inaifikishia mota volti 8. Hapo hata winchi ya pauni 4,500 italia ta-ta-ta, tena kwa sauti zaidi, maana yenyewe inataka umeme mwingi kuliko hii uliyonayo.

Ndiyo maana kupima omu hakusaidii. Pima volti zinazopotea wakati kazi inafanyika. Toa betri, ichaji hadi ijae, iache itulie saa kadhaa. Isome: volti 12.6 au zaidi, endelea. Ikigoma kufika hapo, umeshapata mgonjwa wa kwanza. Irudishe, funga kamba kwenye mti, kwadi ikiwa imefungwa breki, na mwenzako abonyeze swichi akiwa pembeni, si mbele ya kamba. Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo yenyewe ya betri, yaani risasi, si kibanio. Nyingine iguse bolti ya solenoidi inayopokea chanya. Kisha kutoka bolti hiyo hadi ile inayotoka kwenda kwenye mota. Kisha solenoidi hadi mota. Rudia upande wa hasi, ambao mafundi wengi hawaugusi kabisa. Kila kipande kizuri kitakuonyesha sehemu ndogo sana ya volti. Kipande kinachoonyesha nusu volti na kupanda ndicho kinachokula nguvu yako. Bonyeza sekunde chache tu kila kipimo.

Kwa kwadi inayolala nje Mufindi, ningeweka dau langu kwenye hasi. Wafungaji wengi wanaikaza kwenye fremu, juu ya rangi, ili waokoe nusu mita ya waya. Hasi ya winchi iende moja kwa moja kwenye nguzo ya betri. Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine ya kubania, visisokotwe na kuzungushiwa utepe. Sugua kila maungio hadi shaba ing'ae, kaza, halafu ndipo upake vaselini juu yake. Ukibadilisha waya, nunua wa milimita za mraba 16, na ukwangue uzi mmoja kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Mwachie muuzaji.

Volti zikifika salama kwenye mota na bado inalegea, ndipo ufungue mota. Achia klachi ili dramu izunguke huru, ondoa waya za solenoidi kwenye mota, iguse kwa waya za kubustia kwa sekunde mbili tatu. Ikizunguka kwa kasi, ni nzima. Ikisuasua, ifungue: angalia kaboni zimebaki kiasi gani na kama kuna unga mwekundu. Kutu ikijipenyeza nyuma ya sumaku inaibandua kwenye ganda. Nimeona watu wakiirudisha sumaku kwa gundi ya viatu. Mota ya namna hiyo badilisha. Upande wa giya, osha, paka girisi mpya kwa kiasi, ila breki usiipake hata tone. Breki yenye girisi haishiki, na utaligundua hilo kwadi ikiwa inaning'inia kwenye mteremko.

Kuhusu kununua ya pauni 4,500, hapana. Namba iliyoandikwa kwenye winchi ni ya safu ya kwanza ya kamba kwenye dramu, ile iliyogusa chuma. Safu ya juu kabisa inaweza kupoteza theluthi ya nguvu hiyo au zaidi. Wewe bila shaka unavuta nguzo iliyo karibu, kamba karibu yote ikiwa bado imezungushwa, halafu unashangaa pauni 2,500 zimekwenda wapi. Nunua kapi. Pitisha kamba kwenye kapi iliyofungwa kwenye mti, rudisha ndoano kwenye sehemu imara ya fremu, si bampa la mapambo, na utapata karibu mara mbili ya nguvu kwa nusu ya mwendo, huku mota ikinyonya umeme mdogo kuliko bila kapi. Ukiwa unaburuta nguzo, kapi ifungwe kwenye nguzo yenyewe na ndoano irudi kwenye kwadi. Inapofungwa kwenye mti kwa kujinasua, mti na mkanda unaoishika kapi vinabeba mzigo karibu mara mbili ya kamba, kwa hiyo usifunge kwenye mche wa miaka miwili. Kumbuka pia kwamba kwadi za ukubwa wako hazizalishi ampea zote ambazo winchi inanyonya, hata injini ikiwaka. Sehemu kubwa ya umeme wa winchi inatoka kwenye akiba ya betri. Vuta kwa muda usiofika dakika, pumzika, acha injini ichaji, shika mota kwa mkono uone joto.

Kamba ya sintetiki ni nyepesi, na ikikatika hairuki kwa ukali wa chuma. Lakini roli za chuma ulizonazo, vile vigurudumu vinavyoongoza kamba, zimeshachimbwa mifereji na waya, zitaikata. Weka mdomo wa kupitishia kamba wa aluminiamu uliolainishwa. Breki ya winchi nyingi ndogo iko ndani ya dramu, na ukiteremsha mzigo kwa umeme inachemka. Nyuzi za kamba hizi zinayeyuka karibu na nyuzijoto 150, kwa hiyo nunua yenye soksi ya kukinga joto kwenye safu ya kwanza. Acha mizunguko minane hadi kumi kwenye dramu, maana ile bolti inayoshika mwisho wa kamba haibebi mzigo. Izungushe ikiwa imekazwa. Kwa kuburuta nguzo ardhini, hata hivyo, mimi ningebaki na chuma, au ningefunga mnyororo kwenye nguzo ili kamba isisuguane na mchanga.

Sasa turudi kwenye ile swichi ya kinga, maana si Mufindi tu. Nakutana nazo zimerukwa kwenye pikapu, kwenye malori, hata kwenye winchi za boti: msumari mahali pa fyuzi, kipande cha waya mahali pa sakiti breka. Solenoidi inayogonga kwa volti ndogo inachoma visahani vyake vya kuunganisha umeme, na siku moja visahani vinashikana moja kwa moja. Unaachia kitufe, winchi inaendelea kuvuta. Ndoano inafika mdomoni, mota haiwezi kuzunguka, umeme unapanda, na kinga iliyowekwa kukata hapo imeshatolewa na fundi mjanja. Kinachofuata ni kamba kukatika au waya kushika moto chini ya tangi la petroli. Weka swichi ya kukatia betri mahali mkono wako unafika ukiwa umekaa kwenye kiti. Waya wa chuma uliopinda au uliokatika usiufunge fundo, nunua mwingine. Tupa koti zito au gunia la mchanga katikati ya kamba kabla ya kuvuta, na watoto wasogee mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Na wanaochimba visima, ambao nimesikia wanafunga winchi hizi kwenye miti mitatu na kumshusha mtu: breki yake haikutengenezwa kumshika binadamu. Vijitabu vya winchi hizi vinakataza kuitumia kumnyanyua mtu, na wauzaji wengi hukitupa kijitabu pamoja na boksi. Anayekufungia winchi juu ya kisima akakuambia ameijaribu kwa mawe, mwambie ashuke yeye kwanza, kisha ukatafute mashine ya kisima.