Ukitaka kununua lenzi pana ya zumu, anza kwa kukagua pembe za picha

Ukimwuliza muuza kamera ubora wa lenzi pana ya zumu, yaani lenzi inayoingiza eneo pana na inayoweza kuvuta karibu au kupanua zaidi, mara nyingi atakukuzia picha katikati. Usiridhike. Katikati, lenzi nyingi za siku hizi ni nzuri. Tofauti kubwa huonekana kwenye pembe nne.

Mimi hupiga picha za vyumba vya wageni na nyumba za zamani Mji Mkongwe, Zanzibar. Vyumba vingi ni vyembamba, huna pa kurudi nyuma, na huko pembeni ndiko kwenye nakshi za mlango na boriti za dari. Pembe zikififia, kazi imeharibika.

Chukua Canon EF 17-40mm f/4L ya 2003 na EF 16-35mm f/4L IS ya 2014. Zote huanzia f/4 (namba ya f ni kipimo cha tundu la kuingiza mwanga: ikiongezeka, tundu linabanwa) na zote huvaa filta ya milimita 77. Ukiziweka kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame) na kupiga kwa f/4, katikati si rahisi kuona ipi ni ipi. Hamia pembeni: ile ya zamani inalegea na nakshi zinayeyuka, hadi uibane kufikia f/8 au f/11. Ile ya 2014 iko imara tangu f/4, tena ina kituliza mtikisiko, msaada mkubwa ndani ya chumba chenye giza unaposhika kamera mkononi. Lakini kama kila mara unatumia stendi na kupiga kwa f/11, nunua ya zamani bila wasiwasi, pesa inayobaki iende kwenye taa. Usibane tu hadi f/22, maana tundu dogo hivyo hutawanya mwanga na picha nzima hupoteza ukali.

Nikon 14-24mm f/2.8G ya 2007 ilijipatia sifa kwa pembe zake, na inastahili. Ila kioo chake cha mbele kimetuna, hakipokei filta ya kawaida ya kufunga kwa nyuzi, na jua likiingia kwa ubavu huacha madoa ya mwanga. Kwa ndani ya nyumba ningeichukua. Kwa machweo ya pwani, hapana.

Na watu wanaoonekana wamevutika ukingoni mwa picha? Hiyo si hitilafu ya kioo, ni jiometria ya upana wenyewe. Wasogeze katikati.

Lenzi mbili za aina moja zinaweza kutofautiana, hasa zilizotumika, kwa hiyo jaribu ileile utakayoondoka nayo. Weka kamera kwenye stendi, sambamba na ukuta wa matofali, upige kwa f/4 na f/8 katika ncha zote mbili za zumu. Kuza pembe zote nne. Kulia kukiwa kukali na kushoto kumefifia, na una hakika kamera haijakaa upande, basi vioo vya ndani havikukaa sawa: iache. Pembe zote zikififia kwa kiasi kimoja, lenga fokasi kwenye pembe yenyewe na upige tena. Zikirudi kuwa kali, tatizo ni kupinda kwa uwanja wa fokasi, yaani eneo linalotoka kali limejipinda badala ya kuwa bapa, na kubana tundu kidogo husaidia. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hayo, mwachie lenzi yake.