Feni Isifuate Taa: Kwa Anayeanza Kufunga Feni za Hewa Kwenye Chumba cha Kuoteshea

Mpe anayeanza taima moja (saa ya kuwasha na kuzima umeme), taa na feni, na mara nyingi atavichomeka vyote kwenye taima hiyohiyo. Anawaza kwamba taa ndiyo inayoleta joto, basi ikizimika feni nayo ipumzike. Lakini feni haikuwekwa kwenye chumba cha kuoteshea miche kwa ajili ya joto tu. Taa ikizimika hewa inapoa upesi, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi kama ya moto. Maji yaliyotolewa na majani na udongo kutwa nzima yanakosa pa kwenda, yanatua juu ya miche na kwenye kuta za chumba, au za hema kama unaoteshea kwenye hema. Ukifungua unakuta matone, na hali ikiendelea hivyo ukungu haukawii. Kwa hiyo feni iwe na njia yake ya umeme, na taa iwe na ya kwake. Feni ndogo ya kuzungusha hewa ndani iache ifanye kazi saa zote 24. Ile ya kutoa hewa nje punguza kasi taa zikizimika, lakini usiizime kabisa.

Kabla hujashika waya, jua unahitaji feni ya ukubwa gani. Wengi huanza kwa kupima ujazo wa chumba. Mimi naanza na wati za taa, kwa sababu karibu umeme wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa joto mle ndani. Hesabu yake ni nyepesi: chukua wati, zidisha kwa 3, gawanya kwa nyuzijoto unazokubali chumba kizidi hewa ya nje. Taa ya wati 300, ukikubali tofauti ya nyuzi 5, inahitaji kama mita za ujazo 180 kwa saa. Ongeza akiba, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote. Ukiifunga bomba lenye kona mbili na kichujio, inashuka sana. Na hesabu hiyohiyo inakuonyesha jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema: feni haitafanya chumba kiwe baridi kuliko hewa inayoingia. Kama nje ni nyuzi 34, ndani hutaipata 30 kwa feni, hata ufunge kumi.

Sasa waya. Ukianza na feni za volti 12, kama zile za kompyuta, ni salama zaidi kujifunzia. Ziunganishe sambamba: chanya zote pamoja, hasi zote pamoja, kila feni ipate volti 12 zake. Ukizifunga kwa mfuatano, feni mbili zinazofanana zinagawana, kila moja inapata kama volti 6, na huenda isiwake kabisa. Tena ikifa moja, na nyingine inasimama.

Rangi ndizo zinazopoteza watu. Feni yenye waya tatu kwa kawaida ina nyeusi hasi, nyekundu chanya, na njano ya kupeleka taarifa ya kasi, ambayo hutaihitaji. Lakini kwenye feni nyingi zenye waya nne, njano ndiyo chanya, kijani ni taarifa ya kasi na bluu ni ya kuongoza kasi. Njano moja, kazi mbili tofauti! Angalia kibandiko, hesabu waya, ndipo uunganishe. Ile usiyoitumia ifunge ncha kwa tepu ili isiguse nyingine.

Adapta ichague kwa kujumlisha ampea. Feni nne za ampea 0.3 ni ampea 1.2, mimi ningeweka adapta ya ampea 2, kwa sababu feni huvuta zaidi inapoanza kuzunguka, na adapta inayofanya kazi ukingoni mwa uwezo wake haidumu. Volti lazima ziwe 12. Ampea zikizidi hakuna ubaya. Unene wa waya nao usiudharau. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.22, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukipitisha ampea 2 unapoteza kama volti 1.6 njiani. Ukitumia wa milimita za mraba 1, unapoteza chini ya 0.4.

Feni kubwa za umeme wa ukutani ni habari nyingine. Hapo kuna laivu (waya unaoleta umeme), nyutro (wa kuurudisha) na ethi (wa usalama), na mle ndani kuna maji. Kama hujawahi kufunga soketi, mwachie fundi sehemu hiyo, hakuna aibu. Ukiifanya mwenyewe, zima kwenye breka, hakikisha kwa testa, weka fyuzi inayolingana na mzigo, na njia nzima ilindwe na breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30. Viunganishi vikae ndani ya boksi, juu, kamwe si sakafuni. Waya unaoingia kwenye soketi uuache uning'inie chini kidogo kwanza kisha upande juu, ili tone likiteremka liangukie hapo chini lisifuate waya hadi ndani. Na usitumie dima ya taa kupunguza kasi ya feni: mota nyingi zitavuma na kuchemka. Tumia rigileta iliyotengenezewa feni.

Feni ya kutoa hewa ikae juu, tundu la kuingizia liwe chini, upande wa pili. Mshale kwenye fremu unaonyesha hewa inakoelekea. Ukiwasha, sogeza kipande cha tishu kwenye tundu la chini: kinapaswa kuvutwa ndani. Kuta za hema zikibonyea kidogo ni sawa. Zikibonyea mpaka ziguse majani, tundu la kuingizia ni dogo.

Ukiweka themostati, yaani swichi inayowasha na kuzima kwa kufuata joto, ikate laivu, si nyutro, na iongoze kasi ya juu tu, ile ya chini ibaki muda wote. Kihisio chake kining'inize usawa wa majani, kwenye kivuli. Kikimulikwa na taa moja kwa moja kitasoma joto la taa, na feni itapiga kelele kutwa bila sababu.